Gitaa la MIDI jukwaani: namna ya kuamua noti ipi ipite na ipi izuiwe

Kigeuzi kinachobadili sauti ya gitaa kuwa MIDI, yaani lugha ya ujumbe ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huzungumza, hakijui wimbo. Kinachokijua ni mtetemo tu: uzi umetikisika, kwa kasi gani, kwa nguvu gani. Kikishapima hayo kinatuma ujumbe kwa sintesaiza (chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme) au kompyuta, na sauti ya tarumbeta, fidla au kinanda inatoka. Ukigusa uzi kwa ncha ya kidole bila kukusudia, kinatuma. Ukiinua mkono wa kushoto na uzi ukaachia mlio mdogo, kinatuma. Nyumbani utalicheka. Jukwaani, tarumbeta linalodakia katikati ya ubeti wa mwimbaji halimchekeshi mtu.

Tiba yake si kununua mashine nyingine, walau si kwanza. Amua mapema noti zipi zina ruhusa ya kuliza sauti ya pili, halafu weka vizuizi kwa mpangilio, kuanzia kwenye nyuzi hadi kwenye sauti yenyewe. Kizuizi kilicho karibu na kidole kina faida kuliko kilicho ndani ya kompyuta, kwa sababu noti isiyozaliwa haihitaji kuchujwa, na kila kichujio unachoongeza mbele kina gharama yake. Nitaitaja gharama hiyo tukifika.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Bendi ndogo ya dansi inapiga hotelini: gitaa la solo, besi, drams, tumba na mwimbaji. Wapulizaji hawapo, malipo hayawatoshi. Mpiga solo anataka ile mistari ya tarumbeta inayojibizana na mwimbaji kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, aipige yeye kwa gitaa, huku gitaa lake likiendelea kusikika kama kawaida. Akiwa chini anapiga akodi (noti kadhaa kwa pamoja), tarumbeta linyamaze. Akipanda juu ya shingo, tarumbeta lijibu.

Hatua ya 1: Jua kigeuzi chako kinasikia nini

Vigeuzi viko vya namna tatu, na namna uliyonayo ndiyo itakayoamua unaweza kuchuja kwa kigezo gani.

Ya kwanza hutumia pikapu ya heksafoni, yaani pikapu yenye vipokezi sita vidogo, kila uzi na chake. Roland GK-3 ni ya aina hiyo; hutoa waya wa pini 13 unaoingia kwenye mashine kama GR-55. Fishman TriplePlay nayo ni ya heksafoni, ila haihitaji waya. Namna ya pili ni programu, kama MIDI Guitar ya Jam Origin, ambayo hupokea sauti ya gitaa la kawaida kupitia jeki ya kawaida na kuzipambanua noti zikiwa zimeshachanganyika. Ya tatu ni vijisanduku kama Sonuus G2M, ambavyo hutambua noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukivipigia akodi vinababaika.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa jukwaani. Chukua noti ya E iliyo namba 64 kwenye MIDI. Unaipata uzi wa kwanza, yaani mwembamba kuliko yote, ukiwa wazi (haujabanwa popote), uzi wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14, wa tano freti ya 19, na kama gitaa lako lina freti 24, hata uzi wa sita kwenye freti ya mwisho. Mwenye pikapu ya heksafoni anaweza kuruhusu moja kati ya hizo na kuzuia tano, kwa kuwa mashine inajua uzi uliotoa noti. Mwenye pikapu ya kawaida ana 64 tu. Atachuja kwa namba ya noti na kwa nguvu ya mpigo, si kwa uzi, na hilo lisimkatishe tamaa. Mfano wetu unawezekana kwa njia zote.

Kama una heksafoni, angalia pia modi. Kwenye modi ya mono kila uzi unatuma ujumbe kwenye chaneli yake, chaneli sita zinazofuatana. Kwenye modi ya poli nyuzi zote zinarundikana kwenye chaneli moja. Chagua mono kila unapoweza: kuzima uzi mzima kunakuwa suala la kuzima chaneli moja, na kupinda noti kwenye uzi mmoja hakutazipotosha nyingine.

Hatua ya 2: Chora mpaka kabla ya kugusa mashine

Chukua karatasi. Gitaa lililotyuniwa kawaida lina nyuzi wazi zenye namba hizi za MIDI, kutoka uzi wa sita kwenda wa kwanza: 40, 45, 50, 55, 59, 64. Kila freti inaongeza 1. Basi, ramani nzima ya shingo unayo.

Andika namba, achana na majina ya noti. Noti namba 60, ile C ya katikati, kwa Roland inaitwa C4 na kwa Yamaha inaitwa C3. Ukiweka mpaka kwa jina kwenye mashine moja na kwa jina lilelile kwenye nyingine, mipaka yako itapishana kwa oktavu nzima, yaani freti 12, na utashinda siku unatafuta hitilafu isiyokuwepo.

Sasa mpiga solo wetu. Akodi zake za kuongoza wimbo ziko kwenye freti za chini. Mistari ya tarumbeta anaipiga kwenye nyuzi mbili nyembamba, wa kwanza na wa pili. Akiweka mpaka wa chini kwenye 71, uzi wa kwanza utaruhusiwa kuanzia freti ya 7, wa pili kuanzia freti ya 12, wa tatu kuanzia ya 16, wa nne kuanzia ya 21. Nyuzi mbili nene, wa tano na wa sita, hazihusiki tena kwa mapigo ya kawaida. Mpaka wa juu ni 82, ambayo ni freti ya 18 kwenye uzi wa kwanza. Kwa nini aweke mpaka wa juu? Kwa sababu tarumbeta lenyewe, likipigwa na mtu, likivuka hapo linaanza kuwa kazi ya mabingwa. Sauti ya bandia ikipanda zaidi inasikika kama mbu, na msikilizaji anashtuka kwamba hakuna tarumbeta pale.

Mpaka usiukate mahali ambapo mkono wako hupita mara kwa mara. Kama solo zako nyingi zinazunguka freti ya 7, 71 si mpaka mzuri kwako. Utapata nusu ya sentensi yenye tarumbeta na nusu isiyo nayo. Piga nyimbo zako zote taratibu, angalia vidole vinatua wapi, kisha kata pale palipo na nafasi tupu. Wakati mwingine ni rahisi zaidi kuhamisha mstari wa tarumbeta kwenda freti za juu kuliko kuhangaika na mipangilio.

Hatua ya 3: Safisha chanzo

Hapa ndipo kazi kubwa iko, na ndipo watu wengi hupita mbio.

Kwa heksafoni, bana kila uzi kwenye freti ya mwisho na utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Inatakiwa kuwa milimita 1 hivi. Ikiwa kubwa kuliko hapo, uzi wa jirani unasikika karibu sawa na uzi unaohusika. Ikiwa ndogo mno, uzi unagonga pikapu. Pikapu yenyewe ikae karibu na daraja kadiri nafasi inavyoruhusu, na kila kipokezi kiwe chini ya uzi wake hasa.

Kisha weka usikivu, uzi mmoja mmoja. Piga kwa nguvu unayotumia jukwaani, siyo ile ya sebuleni, na upandishe kipimo mpaka mpigo wako mzito ukaribie mwisho bila kuugonga. Kosa la kawaida ni kupandisha usikivu wa nyuzi zote ukidhani mashine itakusikia vizuri zaidi. Itakusikia kweli, pamoja na kila mkwaruzo, kila kucha, na kila mtikisiko wa spika ya besi nyuma yako. Uzi wa tatu usio na msokoto huwa na sauti kubwa kuliko majirani wake. Mara nyingi ndio wa kushushwa kwanza.

Nyuzi zilizochakaa hazitetemi kwa usawa, na kigeuzi kinapobahatisha, noti huruka oktavu. Badilisha. Kagua pia noti ya freti ya 12 dhidi ya uzi wazi: zisipolingana, sogeza kitako cha uzi kwenye daraja. Freti inayovuma ikalainishwe na fundi, maana mvumo ni noti ya pili kwenye masikio ya mashine.

Kwa wanaotumia programu na jeki ya kawaida, sharti moja halina mjadala: kigeuzi kipokee gitaa kavu, kabla ya pedali za kubadili sauti kama distoshen, korasi, dilei au riveb. Gawa waya mapema, tawi moja liende kwenye kigeuzi na jingine kwenye pedali zako. Kigeuzi kinacholishwa dilei kinasikia mwangwi kama mpiga gitaa wa pili.

Halafu mkono. Mkono wa kushoto ukihama kutoka noti moja kwenda nyingine, achia kwa kulegeza kidole kikiwa bado kimegusa uzi, ndipo uinue. Ukiinua moja kwa moja, uzi wazi unalia. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilaze kidogo ili kinyamazishe nyuzi zilizo chini yake, na ukingo wa kiganja cha kulia ukae juu ya nyuzi nene. Wapo wanaofunga kibanio cha nywele cha kitambaa kwenye freti ya kwanza ili nyuzi wazi zisilie kabisa. Kwa wimbo wa mistari ya noti moja moja ni dawa nzuri. Kwa mpiga solo wetu anayetaka pia akodi za wazi, haifai.

Hatua ya 4: Tazama ujumbe kwa macho

Usichuje kitu ambacho hujakiona. Kwenye Windows kuna MIDI-OX, na programu nyingi za kurekodi zina dirisha linaloonyesha kila ujumbe unaoingia. Unganisha, piga mstari mmoja wa tarumbeta, kisha soma. Utaona kitu cha namna hii:

chaneli 1, noti 74, velositi 96
chaneli 1, noti 74, imezimwa
chaneli 2, noti 59, velositi 17
chaneli 2, noti 59, imezimwa
chaneli 1, noti 76, velositi 91

Velositi ni nguvu ya mpigo, kuanzia 1 hadi 127. Mistari ya kwanza miwili ni sahihi: uzi wa kwanza, freti ya 10, umepigwa na ukaachiwa. Mstari wa tatu ni mzuka. Noti 59 ni uzi wa pili ukiwa wazi. Hukuupiga, kidole kiliugusa kikihamia freti ya 12. Angalia velositi yake: 17, wakati noti za kweli ziko juu ya 90. Pengo hilo ndilo utakalolitumia.

Piga wimbo mzima namna hiyo na uandike kila mzuka: chaneli, noti, velositi. Utagundua haitapakai ovyo. Mingi ni uzi uleule, kwenye mhamo uleule. Ukiona mzuka mmoja unarudi kila mara mahali pamoja, rudi hatua ya 3 na urekebishe kidole. Ile inayobaki ndiyo ya vichujio.

Hatua ya 5: Weka vichujio kwa mpangilio huu

Anza na nyuzi. Zima kabisa zile zisizohusika. Kwenye mashine ya heksafoni kuna sehemu ya kiwango cha sauti kwa kila uzi. Weka sifuri kwa uzi wa tatu hadi wa sita. Programu ya TriplePlay inakuruhusu kuigawa shingo kwa nyuzi na kwa freti pia, kwa hiyo mpaka wako wa kwenye karatasi unaweza kuuchora vilevile kwenye skrini. Kwa mfano wetu, hatua hii peke yake inamaliza sehemu kubwa ya matatizo.

Fuatia mpaka wa noti: 71 hadi 82. Sintesaiza nyingi na karibu kila programu ya muziki ina mahali pa kuweka noti ya chini na ya juu kwa kila sauti. Uweke kwenye sauti ya tarumbeta peke yake. Kama una sauti ya pili, tuseme fidla za kujaza nyuma, nayo iwe na mpaka wake.

Kama unahamisha noti, mathalani kushusha tarumbeta oktavu moja, hakikisha unajua kuhamisha kunatokea kabla au baada ya kuchuja. Kukitangulia kuhamisha, 71 yako imekuwa 59 kabla haijafika mlangoni, na mlango hautafunguka. Chuja kwanza, hamisha baadaye. Hivyo namba za kwenye karatasi zinabaki zilezile ulizozihesabu kwenye freti.

Sasa velositi. Mizuka yako iko chini ya 25 na noti za kweli ziko juu ya 60? Weka kizingiti kwenye 35 au 40. Kwenye Ableton Live kifaa kiitwacho Velocity kina modi ya Gate inayotupa noti zilizo nje ya mipaka uliyoweka. Usipandishe kizingiti mpaka karibu na noti za kweli, kwa sababu mwimbaji akishuka sauti nawe ukapiga kwa upole, tarumbeta litakatika vipandevipande.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Kwenye MIDI, ujumbe wa kuwasha noti wenye velositi 0 maana yake ni kuizima. Vyombo vingi huzima noti kwa njia hiyo. Ukijitengenezea kichujio kinachosema "tupa kila kitu chenye velositi chini ya 40", umetupa na ujumbe wa kuzima. Noti inawaka, haizimwi, tarumbeta linalia mpaka mtu achomoe waya. Kichujio sahihi ni kinachotupa velositi kuanzia 1 hadi 39 na kuacha 0 ipite, pamoja na kila ujumbe wa kuzima noti.

Mtego wa aina hiyohiyo upo ukibadilisha mipaka huku noti inalia. Unabonyeza pedali, mpaka unahama, ujumbe wa kuzima noti ya zamani unafika na kukuta mlango umefungwa. Vichujio vilivyotengenezwa vizuri hukumbuka noti zilizopita na kuruhusu zizimwe. Vya kujitengenezea mara nyingi havikumbuki. Jaribu chako makusudi: shikilia noti, badilisha mpaka, achia. Ikiendelea kulia, basi kwa onyesho lako badilisha mipaka penye ukimya tu.

Mwisho kabisa, kama bado kuna mizuka yenye nguvu, vipo vichujio vya urefu wa noti, vinavyotupa noti fupi kuliko milisekunde kadhaa. Hapa ndipo ilipo ile gharama niliyoitaja. Ili kichujio kijue kwamba noti imedumu milisekunde 40, lazima kisubiri milisekunde 40 kabla ya kuiruhusu. Kwenye chemko la mapigo 140 kwa dakika, noti nne katika kila pigo zinafuatana kila baada ya milisekunde 107 hivi. Umekula zaidi ya theluthi ya nafasi kwa kusubiri tu, na tarumbeta litasikika linavutwa nyuma ya drams. Mimi kwenye muziki wa mwendo kasi sikitumii. Kwa fidla ndefu za wimbo wa taratibu, ruksa.

Hatua ya 6: Kupinda noti na kuteleza

Gitaa si kinanda; noti zake zinapindwa, zinatetemeshwa, zinatelezeshwa. Hayo yote husafiri kama pichi-bendi, ujumbe unaoiambia sintesaiza ipandishe au ishushe noti ambayo tayari inalia. Jambo la kukumbuka ni kwamba ukitelezesha kidole kutoka freti ya 5 hadi ya 12 bila kupiga tena, kigeuzi mara nyingi hakitumi noti mpya. Kinaishikilia ile ya kwanza na kuipinda. Kichujio chako cha mpaka kinaangalia namba ya noti iliyopigwa, siyo mahali ulipofikia. Kwa hiyo kwenye uzi wa kwanza unaanzia 69, nje ya mpaka, unateleza hadi 76, ndani ya mpaka, na tarumbeta linakaa kimya. Na kinyume chake: unaanzia ndani, unashuka nje, tarumbeta linakufuata hadi chini.

Dawa ni mbili. Piga tena noti unayofikia, au washa modi ya kromatiki. Kwenye kromatiki kigeuzi kinazungusha kila kitu kwenda semitoni (hatua ya freti moja) iliyo karibu. Kwa kinanda na marimba inafaa sana. Kwa tarumbeta inaua uhai wote. Afadhali upige tena.

Ukiacha pichi-bendi ikiwa wazi, linganisha kipimo chake pande zote mbili. Kigeuzi kikiwa kwenye semitoni 12 na sintesaiza ikabaki kwenye 2, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha vyombo vingi, ukipinda semitoni moja tarumbeta litapanda sehemu ya sita tu ya semitoni. Utasikia gitaa na tarumbeta vimekosana na utalaumu tyuning. Na nyuzi ulizozizima, zima pia pichi-bendi zake. Waya wa MIDI wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe mmoja wa noti huchukua karibu milisekunde 1. Nyuzi sita zinazotetemeka na kumwaga pichi-bendi bila kikomo hujaza njia, na noti uliyoikusudia inasubiri foleni.

Kwa wapiga udi wa taarabu wanaojaribu vigeuzi, neno moja hapahapa: kromatiki msiiguse. Robo za noti za maqamu (mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu) kama rast na bayati zitazungushwa ziwe semitoni, na wimbo utageuka kuwa kitu kingine. Nyuzi pachapacha za udi nazo humchanganya msikilizaji wa kimashine, kwa hiyo tyuni jozi kwa uangalifu kuliko kawaida.

Hatua ya 7: Mpe mguu kazi

Hakuna kichujio kitakachokisia kwamba safari hii ubeti unarudiwa bila tarumbeta. Hilo ni la mguu wako.

Kuna njia mbili, na hazifanani. Pedali ya sauti inapunguza ukubwa wa tarumbeta, lakini noti zinaendelea kuwashwa chini kwa chini. Ukiifungua katikati, noti zilizowashwa kitambo zinajitokeza. Kwa fidla ndefu zinazopanda taratibu huo ni uzuri. Kwa tarumbeta ni aibu. Njia ya pili ni swichi inayokata noti zenyewe: ikifungwa, hakuna noti mpya inayowashwa, zilizokwisha kuwaka zinamalizika zenyewe. Kwa mfano wetu hiyo ndiyo ya kuchagua. Kwenye GK-3 kuna kiswichi cha nafasi tatu: gitaa peke yake, mchanganyiko, sintesaiza peke yake. Kinatosha kwa wimbo usio na mabadiliko mengi, ila kinahitaji mkono, na mkono una kazi.

Pedali ya kushikilia nayo ina aina mbili. Kontrola (ujumbe wa MIDI wa udhibiti, si noti) namba 64 hushikilia kila noti inayopigwa tangu ilipobonyezwa, ikiwa ni pamoja na mizuka, ambayo sasa haikatiki. Kontrola namba 66 hushikilia zile tu zilizokuwa zinalia ulipobonyeza, na noti mpya zinapita kama kawaida. Ukitaka akodi ya fidla ibaki hewani huku unapiga solo juu yake, 66 ndiyo yako. Hakikisha tu sauti uliyochagua inaitambua, si zote.

Hatua ya 8: Nyuzi nene na ucheleweshaji

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa halirekebishiki, linakwepwa tu. Uzi wa sita wazi hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 12. Kigeuzi kinahitaji kusikia walau mzunguko mmoja na ushei ili kiijue noti. Uzi wa kwanza wazi, wenye mitetemo 330 hivi, humaliza mzunguko kwa milisekunde 3. Ndiyo maana sauti za nyuzi nene zinachelewa. Ukitaka sauti ya besi kwa gitaa, pigia nyuzi za katikati na uihamishe noti oktavu moja au mbili chini. Uzi wa sita uachie gitaa lenyewe.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Jaribu vyombo kwa sauti ya onyesho. Besi ikipanda, mwili wa gitaa unatetemeka na nyuzi wazi zinaanza kulia zenyewe. Vizingiti ulivyoweka nyumbani havitatosha. Simama mahali utakaposimama, mwambie mpiga besi na wa drams wapige bila wewe, nyamazisha nyuzi kwa kiganja, kisha achia, na uangalie kama kuna noti inayopita. Ikipita, sogea mbali na spika kwanza, halafu shusha usikivu wa uzi husika, na mwisho kabisa ndipo upandishe kizingiti cha velositi.

Mpe fundi mitambo gitaa na tarumbeta kwenye njia mbili tofauti. Ukimpa zikiwa zimechanganyika, mzuka mmoja ukitokea hana cha kushusha ila gitaa lote.

Hifadhi mipangilio ndani ya mashine, siyo kwenye kumbukumbu ya muda, na uizime na kuiwasha kabla watu hawajaingia ili uone inarudi ilivyokuwa. Umeme ukikatika katikati ya wimbo utajua umeepuka nini.

Na weka kitufe cha dharura mguuni. Kontrola namba 123 inazima noti zote, lakini pedali ya kushikilia ikiwa imebonyezwa, noti zinaendelea kushikiliwa na pedali hiyo. Kwa hiyo tuma kwanza 64 ikiwa na thamani 0, halafu 123, au tumia 120, ambayo inakata sauti papo hapo bila kuuliza. Kwenye modi ya mono ujumbe huo utumwe kwenye chaneli zote sita, siyo ya kwanza tu. Noti iliyokwama kwenye chaneli ya 2 haisikii kinachosemwa kwenye chaneli ya 1.